Sentensi Iliyohamishwa: Mahojiano ya Kiongozi Aliyeanguka Yanapogeuzwa Filamu

Richard Nixon, rais wa zamani wa Marekani, aliwahi kusema mbele ya kamera kwamba rais akilifanya jambo, basi jambo hilo si kinyume cha sheria. Aliyatamka mwenyewe, mwaka 1977, na kanda ipo hadi leo. Kwenye filamu ya Frost/Nixon, iliyotoka mwaka 2008, maneno hayo yanamtoka katika kikao cha mwisho, mtangazaji David Frost akiwa amembana kwa kashfa ya Watergate hadi hana pa kupumulia. Kwenye kanda halisi yako kwingine. Frost alikuwa anamuuliza juu ya mpango wa kuwapeleleza Wamarekani waliopinga vita vya Vietnam: kufungua barua zao na kuvunja nyumba zao bila kibali cha mahakama. Watergate siyo iliyokuwa inazungumzwa wakati huo.

Hakuna neno lililobuniwa hapo. Limetolewa huku likawekwa kule, basi. Kila mara filamu ya aina hii inapozungumziwa, ubishi huishia kwenye vituko vilivyotungwa: mbona simu ile haikupigwa, mbona fulani hakuwepo chumbani. Vituko hivyo havinisumbui sana. Mtazamaji mwenye akili zake huvinusa. Sentensi ya kweli iliyohamishwa haina harufu, kwa kuwa hata ukienda kuhakikisha utaambiwa ndiyo, aliisema.

Nirudi nyuma kidogo, maana kwa kijana aliyezaliwa Kisumu baada ya mwaka 2000 Watergate ni jina tu. Tarehe 17 Juni 1972 wanaume watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate, Washington. Uchunguzi ukafuata nyayo zao hadi kwenye kamati ya kampeni ya Rais Nixon, kisha hadi Ikulu. Kilichomwangusha zaidi si uvamizi wenyewe bali juhudi za kuufunika, na ushahidi mzito ulitoka kwenye kanda alizokuwa anarekodi yeye mwenyewe ofisini mwake. Alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, na hadi sasa ndiye rais pekee wa Marekani aliyewahi kujiuzulu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Septemba, mrithi wake Gerald Ford akamsamehe makosa yote ambayo huenda aliyatenda akiwa madarakani. Baada ya hapo hakuna hakimu ambaye angeweza kumsimamisha kizimbani amuulize.

Pengo hilo Frost aliliona. Alikuwa Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa burudani, dhihaka za kisiasa na mazungumzo na mastaa, na wengi walimwona mwepesi mno kwa kazi hiyo. Alimlipa Nixon dola 600,000 pamoja na sehemu ya faida. (Huku kwetu bei hiyo huwachekesha watu, halafu wanakumbuka kwamba hapa pesa kwa kawaida hutembea upande wa pili, kutoka kwa mheshimiwa kwenda kwa mwandishi, kwa jina la nauli.) Mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani ilikataa kununua kipindi, ikisema mhojiwa halipwi. Frost akasaka wadhamini mwenyewe na kuviuzia vituo kimoja kimoja. Nixon hakuonyeshwa maswali mapema, wala hakuwa na sauti juu ya kipi kikatwe na kipi kibaki.

Walirekodi kuanzia tarehe 23 Machi 1977 katika nyumba ya kukodi kwenye pwani ya California, kwa sababu nyumba ya Nixon ilikuwa karibu na kituo cha walinzi wa pwani na mawimbi ya redio yalikuwa yanaharibu sauti. Waliketi hapo siku kadhaa katika muda wa karibu mwezi mzima, wakakusanya zaidi ya saa 28 za mazungumzo. Kanda hizo zikakatwa zikawa vipindi vinne vya dakika 90. Kile cha Watergate kilirushwa kwanza, tarehe 4 Mei 1977, na inakadiriwa watu milioni 45 walikitazama.

Piga hesabu. Zaidi ya saa 28 zimekuwa saa sita, na hapo hujatoa matangazo ya biashara. Kwa hiyo hata kile tunachokiita mahojiano halisi, kile ambacho filamu inashutumiwa kukipotosha, chenyewe kilishapita chini ya mkasi. Mkasi wa kwanza ulikuwa wa mhariri wa televisheni mwaka 1977. Wa pili ulikuwa wa Peter Morgan, aliyeandika tamthilia ya jukwaani iliyoanza kuchezwa London mwaka 2006. Wa tatu ulikuwa wa mwongozaji Ron Howard, alipoifanya filamu kwa mswada wa Morgan huyo huyo. Ukitaka kujua kama filamu imesema kweli, uliza kwanza unailinganisha na nini.

Tulipoionyesha filamu hii kwa kikundi cha vijana wa uigizaji hapa Kisumu, kwenye ukumbi wenye feni moja na projekta ya kuazima, swali la kwanza baada ya taa kuwashwa halikuwa la sanaa. Dada mmoja anayesomea sheria aliinua mkono: "Mwalimu, sasa alikiri ama hakukiri?"

Kwenye filamu jibu ni rahisi. Uso wa Frank Langella, anayeigiza Nixon, unajaa kioo chote, macho yamelowa, mtu amevunjika. Unatoka ukumbini ukiwa na hakika kwamba umeona kukiri. Kwenye kanda mambo yana vipingamizi. Frost alimwambia kwamba neno "makosa" halitoshi. Akatupa pembeni karatasi zake za maswali, akamtajia mambo matatu ambayo aliamini Wamarekani wanangoja kuyasikia: kwamba palikuwa na uovu, uwe jinai au usiwe, kwamba alitumia vibaya mamlaka ya urais, na kwamba aliwatesa wananchi kwa miaka miwili bila sababu, na anaomba radhi. Nixon alijibu kwa mzunguko mrefu. Alisema aliwaangusha marafiki zake, aliiangusha nchi, na mzigo huo ataubeba maisha yake yote. Alikubali kwamba alisema mambo yasiyo ya kweli. Ila kwenye swali la jinai hakuteleza. Hakutenda kosa la jinai, alishikilia, ni makosa ya moyo.

Mwandishi wa habari Elizabeth Drew, aliyeifuatilia Watergate ilipokuwa inatokea, aliishambulia filamu kwa sababu hiyo hasa. Alilalamika kwamba jibu ambalo ndani yake Nixon alikataa kuwa alishiriki njama haramu ya kuficha ukweli limepunguzwa hadi likasikika kama amekubali. Nadhani hapo yuko sahihi, na sidhani kwamba utetezi wa kusema "hii ni tamthilia" unatosha. Kuna takwimu moja inayomsaidia. Gallup, kampuni ya kura za maoni, walipowauliza Wamarekani baada ya vipindi kurushwa, asilimia 69 walisema Nixon bado alikuwa anaficha. Watazamaji wa mwaka 1977, walioiona sura yenyewe sebuleni kwao, hawakuondoka wakiamini kwamba mzee amefunguka. Tuliofunguliwa moyo ni sisi, miaka 31 baadaye, kwa tiketi ya sinema.

Kwa nini basi mwandishi mwenye kipaji cha Morgan afanye hivyo? Kwa sababu mahojiano ni kitu kigumu mno kuigiza. Watu wawili wameketi. Hakuna anayekimbia, hakuna anayefungua mlango, mkono wenye nguvu zaidi unashika glasi ya maji. Mwanasiasa mzoefu hushinda kwa kuchosha: anajibu swali dogo kwa hadithi ndefu, anakula muda, na muda ukiisha ameshinda. Ukiliweka hilo jukwaani lilivyo, watu watalala. Morgan aliligeuza ndondi. Kuna raundi, kuna kona mbili, kila bondia na wasaidizi wake, na mmoja anapigwa mapema ili ainuke mwishoni. Frost wa filamu anashindwa vikao vyote vya mwanzo ili cha Watergate kiwe cha ushindi. Ni mbinu safi kabisa ya jukwaa. Inadai jambo moja tu, kwamba raundi ya mwisho imalizike mtu akiwa chini, na Nixon halisi alimaliza akiwa ameketi.

Jukwaani London walikuwa na ujanja mzuri zaidi, ambao filamu haikuuhitaji. Juu ya waigizaji palikuwa na rundo la skrini za televisheni, na kikao kikianza nyuso zao zilionekana humo, kubwa, wakati huohuo miili yao iko pale chini, midogo. Mtazamaji alilazimika kuchagua atazame wapi. Mtu akiwa ameketi mita 10 kutoka kwako anaonekana mtulivu; kamera iliyomsogelea inaonyesha mdomo unaotetemeka. Nixon alilijua hilo kuliko mwanasiasa yeyote wa rika lake, kwa sababu mdahalo wake na John F. Kennedy wa Septemba 1960 ulimwonyesha taifa zima akiwa na jasho. Mada hii ya uso uliosogelewa ndiyo roho ya kazi nzima ya Morgan, na hapo sina ugomvi naye hata kidogo.

Sasa vile vituko vilivyotungwa. Kile maarufu ni simu ya usiku: Nixon, amelewa, anampigia Frost hotelini na kumwambia kwamba wao wawili ni ndugu, watoto wa watu wadogo waliodharauliwa na wakubwa. Haikutokea, na Morgan hakuwahi kudai ilitokea. Kwangu haina madhara. Kinachosemwa humo kuhusu kinyongo cha Nixon kinalingana na maisha yake, na kimewekwa nje ya chumba cha kamera, mahali ambapo kila mtu anajua hakukuwa na kamera. Kingine ni mtafiti James Reston kuonekana akivumbua mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson dakika za mwisho. Kwa kweli aliyapata miezi mingi kabla na timu ikayaficha kama silaha ya akiba. Tarehe imesogezwa ili moyo udunde. Wepesi huo unasameheka, ingawa ukweli wenyewe, watu kukaa na siri miezi yote hiyo bila kuivujisha, ungenivutia zaidi.

Kinachonikera ni kingine kabisa: filamu inaweka waigizaji mbele ya kamera wakijifanya Reston, John Birt na Bob Zelnick wa timu ya Frost, na Jack Brennan wa upande wa Nixon, waliozeeka kidogo, wakikumbuka mambo kana kwamba ni makala ya televisheni. Yaani hadithi imevaa nguo za ushahidi. Simu ya usiku haijidai kuwa ushahidi, hawa wanajidai. Watu wa magharibi mwa Kenya tumekulia kwenye vibanda vya video ambako DJ Afro anazungumza juu ya filamu nzima, anampa mhusika wa Kichina jina la mtaa na kumtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema maishani, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kutoka pale akiwa amedanganywa. Kila mtu anaisikia sauti ya DJ. Sauti ya mhariri haisikiki.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Nimeubuni, na mheshimiwa wake simjui. Tuseme kiongozi wa zamani wa kaunti fulani, aliyeondolewa kwa kashfa ya pesa za dawa za hospitali, anaketi na mtangazaji. Anaulizwa kuhusu wagonjwa waliokosa dawa. Anajibu: "Kama kuna mwananchi aliyeumia, mimi kama mzazi nasikitika. Lakini hizo pesa zilipita kwenye idara, hazikupita kwangu. Mimi nilitia sahihi kwa sababu niliambiwa kila kitu kiko sawa." Dakika 20 baadaye, akizungumzia mambo mengine kabisa, kampeni zake za kwanza, anasema: "Nilijua. Toka mwanzo nilijua watakuja kunimaliza."

Mwandishi wa mswada anaketi na nakala hii. Halazimiki kubuni chochote. Anakata "kama kuna", anaiacha "nasikitika", anaruka idara, anachukua "nilitia sahihi", kisha anavuta "nilijua" kutoka dakika 20 mbele. Mwigizaji mzuri anaweka kimya cha sekunde tatu kati ya hivyo viwili. "Nilitia sahihi." Kimya. "Nilijua." Kila neno liko kwenye kanda. Mheshimiwa sasa amekiri wizi.

Huenda kweli aliiba. Hilo silo swali. Swali ni kwamba ile hali ya kukwepa, kujificha nyuma ya "kama" na nyuma ya idara, ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Kiongozi aliyeanguka anavyojitetea kunatufundisha jinsi alivyotawala. Ukimkatia ukwepaji wake umemfanya mtu mnyofu kuliko alivyokuwa, na watazamaji wanaondoka wakiwa wameridhishwa na kitu ambacho hawajakipata.

Mkasi unaweza pia kuwa mkononi mwa kiongozi mwenyewe, na kisa chake kiko jirani. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya Idi Amin, Amin akishiriki kwa furaha na hata kuelekeza wapi kamera itazame. Filamu ilipoonyeshwa Ulaya, Amin alituma watu waitazame na kuandika kila kilichosemwa, kisha akadai sehemu fulani zikatwe. Aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawafungia hotelini, mpaka Schroeder akakata. Zilirudishwa Amin alipoanguka. Wazee wa Kisumu wanalo la kuongeza hapa, maana mwaka 1976 huyo huyo alidai ardhi ya Kenya karibu na kufika Nairobi, kwa hoja kwamba Waingereza waliikata kutoka Uganda. Kihistoria hakuwa ametunga: hadi mwaka 1902 Kisumu na Naivasha zilihesabiwa ndani ya Uganda.

Upande wa uigizaji nina jambo moja la kusema kwa vijana wetu, nalo ni hatari ya sauti. Sisi tuna mazoea ya kumwiga kiongozi kwa kuchekesha, na tuna wataalamu. Kundi la Redykyulass lilimpa Walter Mong'are, Nyambane, umaarufu kwa kumwiga Rais Moi, wakati ambapo kumwiga kulihitaji ujasiri. Kwa hiyo mwigizaji wa Kenya akifungua mdomo na sauti ya mkubwa ikatoka sawasawa, ukumbi unacheka kabla hajamaliza sentensi, na tamthilia imekufa. Langella hafanani sana na Nixon wala hakumwiga kamili. Alichukua mgongo uliopinda, uzito wa kichwa, ile namna ya kutabasamu kwa kuchelewa, akaacha mengine. Jukwaani ilimpa tuzo ya Tony mwaka 2007. Aliyeigiza Frost, Michael Sheen, miaka 16 baada ya filamu hiyo alihamia kiti cha pili: katika mfululizo wa mwaka 2024 aliigiza Andrew, wakati huo mwanamfalme wa Uingereza, akihojiwa na Emily Maitlis wa BBC. Mwaka huohuo Netflix nao walitoa filamu yao, Scoop, juu ya mahojiano yaleyale ya Novemba 2019. Hao walikuwa na tatizo ambalo Morgan hakuwa nalo. Mahojiano yenyewe yako kwenye intaneti, kila mtu ameyaona, hivyo ukihamisha sentensi utaumbuliwa usiku uleule. Ndiyo maana Scoop ilikimbilia nyuma ya pazia, kwa mtayarishaji aliyeyapata mahojiano, na ndani ya chumba ikaenda karibu na kanda.

Huku kwetu, ukitaka kutengeneza kitu kama hiki, utagundua haraka kwamba malighafi ni haba. Mwaka 1977 Kenya ilikuwa na Sauti ya Kenya peke yake, redio na televisheni ya serikali, na KTN ilikuja mwaka 1990. Mkubwa akianguka hakuhojiwa. Alisikia jina lake kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, na kutoka hapo hakusikika tena. Mahali pa fedheha yetu si kiti cha mtangazaji, ni tume.

Chukua kisa cha Charles Njonjo. Mei 1983 Rais Moi alihutubia mkutano Kisii akasema nchi za nje zinamwandaa mtu achukue uongozi wa Kenya. Hakutaja jina. Wanasiasa wakaanza kutafuta msaliti ni nani, na kabla mwezi wa saba haujaisha Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa miaka mingi na wakati huo Waziri wa Masuala ya Katiba, alikuwa nje. Tume ya Jaji Cecil Miller ikamsikiliza, akiwa ndani ya suti zake za milia na ua kifuani. Desemba 1984 Moi akamsamehe. Kuanguka, kuhojiwa hadharani, msamaha: kila kipande ambacho Morgan alikihitaji kipo, isipokuwa kamera ya televisheni iliyosogelea uso. Hapa Kisumu kuna tume nyingine ambayo haipiti mjadala bila kutajwa, ile ya Jaji Gicheru juu ya mauaji ya Waziri wa Mambo ya Nje, Dakta Robert Ouko, ya Februari 1990. Ilisikiliza mashahidi mjini humu, na Novemba 1991 ikavunjwa kabla ya kumaliza. Tamthilia yake haina raundi ya mwisho hata ukiitafuta. Anayeiandika awe na ujasiri wa kuiacha hivyo.

Halafu kuna sheria, ambayo vijana huiogopa kwa mambo yasiyostahili na kuipuuza pale inapouma. Kumharibia mtu jina si jinai tena tangu Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu hicho mwaka 2017, lakini kesi ya madai ipo palepale na fidia zake zinaweza kukumaliza. Aliyekwisha kufa hawezi kushtaki, wala jamaa zake hawawezi kushtaki kwa niaba yake. Aliye hai anaweza, na kinga yako kubwa ni ukweli. Hapa sentensi iliyohamishwa inarudi kwa nguvu. Mahakama haikuulizi kama maneno yalitamkwa. Inauliza mtu wa kawaida akiyaona hivyo ulivyoyapanga ataelewa nini. Mswada wa "Nilitia sahihi. Nilijua." unaweza kuwa na kanda ya kila neno na bado ukashindwa. Picha za kituo nazo ni mali ya kituo: ukitaka kipande chenyewe ndani ya filamu yako, omba ruhusa. Na kabla ya kuwasha kamera utahitaji leseni chini ya sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, sura ya 222, halafu Bodi ya Uainishaji wa Filamu iitazame kazi kabla ya kuionyesha umma.

Mwaka ule wa 1977 uliompa Nixon televisheni ndio uliompa Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini, baada ya mchezo wake na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kule Kamĩrĩĩthũ kunyang'anywa kibali. Na usidhani ni mambo ya kale. Aprili 2025, wasichana wa Butere kutoka Kakamega walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la drama wakiwa na mchezo wa Echoes of War wa Cleophas Malala, na amri ya Mahakama Kuu kwamba waruhusiwe kuigiza. Malala alikamatwa. Wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na nje polisi wakarusha vitoa machozi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa nchi ya kubuni. Ndivyo waandishi wetu walivyojifunza kujikinga: mfalme asiye na jina, ufalme usio kwenye ramani. Ni mila yenye matunda mazuri, ila haiwezi kubeba mahojiano, kwa sababu mahojiano yana thamani pale tu aliyesema ni fulani na alisema siku fulani.

Kijana mmoja wa Kondele aliniletea mswada wa dakika 30 unaotokana na mahojiano ya mwanasiasa ambaye sitamtaja. Nilimrudishia na kazi ya kalamu tatu. Bluu kwa maneno yaliyo kwenye kanda, kwa mpangilio wake. Nyekundu kwa yale aliyotunga. Kijani kwa maneno ya kweli yaliyohamishwa au kufupishwa. Nyekundu ilikuwa kurasa tele, nikamwambia zibaki, wakili atazisoma. Kijani ilikuwa kwenye ukurasa mmoja tu, ule ambao mheshimiwa anavunjika, na ukurasa huo ulikuwa kijani juu hadi chini. Huo anauandika upya sasa, mheshimiwa akikwepa kama alivyokwepa, huku mtangazaji anarudia swali lilelile kwa mara ya nne na kupewa hadithi ya utoto wake.